Mguu wa Mtamba Umevunjika: Operesheni ya Tundu Dogo, Hogo au Buchani?

Wiki hii nilipanga tuongee habari ya mashudu ya alizeti na bei zake zinavyopanda, lakini imebidi niyasogeze mbele kidogo. Kuna swali nimeulizwa hapa Mwankoko na nimeona nikilijibu kwa mtu mmoja tu nitakuwa nimewanyima wengine.

Saa nne usiku simu ikaita. Ni binti mmoja mfugaji, mnyeyekevu sana siku zote, lakini siku hiyo hata salamu alisahau. "Kaka, mtamba wangu ameteleza mtaroni, mguu wa nyuma unaning'inia." Kabla sijajibu akanitumia picha WhatsApp, na nyuma yake video. Kwenye video kuna mbwa amelala mezani, daktari amemkata sehemu mbili ndogo tu kila moja kama urefu wa kidole gumba, anapitisha bamba la chuma chini ya nyama, anafunga skrubu, anashona. Kesho yake mbwa anatembea. Akaandika: "Hii haiwezekani kwetu? Mchinjaji yuko hapa, anatoa laki sita."

Mtamba huyo, chotara wa Friesian mwenye mimba ya miezi minne, alimnunua kwa milioni moja na laki nane, na nusu ya hela ni mkopo wa kikundi. Kwa hiyo mnaelewa ilikuwa siyo swali la kujifurahisha.

Nikamwambia mambo mawili: asimruhusu mtu yeyote aunyooshe ule mguu wala kumnyanyua ng'ombe, na mchinjaji aambiwe asubiri mpaka asubuhi. Nikawasha pikipiki. Njiani nikawa nafikiria ile video.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Huku watu wananiita daktari. Mimi si daktari. Nina stashahada ya LITA Mpwapwa, na Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003 iko wazi: daktari wa mifugo ni mwenye digrii aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, sisi wengine ni wasaidizi wake na tunafanya kazi chini ya usimamizi wake. Kutibu kupe, kuchanja, kusaidia kuzalisha, sawa. Kufungua mfupa ni kazi ya daktari. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana wa dukani wanaouza dawa wameshaanza kujiita madaktari bingwa wa mifupa, na nyie ndo mnaolipa.

Sasa tuje kwenye mfupa wenyewe.

Mfupa ukivunjika, watu wengi wanadhani ni kama fimbo imekatika: ukizikutanisha ncha mbili na kuzifunga, basi. Si hivyo. Mfupa ni kitu hai, unapata damu. Una utando mwembamba unaoufunika kwa nje, na nyama zinazouzunguka zinauletea damu pia, na ndani kuna uboho. Ukivunjika, damu inavuja na kuganda palepale kwenye mvunjiko. Lile donge la damu watu wanalidhania uchafu, lakini ndiyo mbegu yenyewe. Ndani yake kuna seli zinazoanza kujenga mfupa mpya, kwanza laini kama gegedu, baadaye mgumu. Ukipapasa mguu wa ndama aliyepona utaona palivimba kama fundo, kile ndicho kiungio alichojijengea mwenyewe.

Kwa hiyo mnyama anajiunga mwenyewe. Kazi ya daktari ni kuuweka mfupa kwenye mstari, kuuzuia usicheze sana, na kutoharibu damu yake. Hilo la tatu ndilo ile video inalihusu.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1958 kule Uswisi, mjini Biel, kikundi cha madaktari wa binadamu akiwemo Maurice Müller walianzisha umoja unaojulikana kwa herufi AO. Walikuwa wamechoka kuona watu wanalala miezi kitandani wamening'inizwa miguu kwa mawe halafu wanaamka na viungo vimekakamaa. Wakasema: tufungue, tupange kila kipande mahali pake kama unavyounga chungu, tukaze kwa bamba na skrubu, mgonjwa aanze kutembea mapema. Tangu mwaka 1960 wakawa wanafundisha madaktari wenzao mjini Davos kwa vitendo, kila mmoja na mfupa wake mezani na kekee yake mkononi. Mwaka 1969 ukazaliwa upande wa wanyama, AOVET, na madaktari wa mifugo nao wakaanza kufundwa.

Ilisaidia sana. Lakini miaka ilivyokwenda wakagundua tatizo. Ukifungua mguu kuanzia juu mpaka chini ili uone kila kipande, unauchubua ule utando, unalimwaga lile donge la damu, unakata vimishipa. Mfupa unaonekana umepangika vizuri kwenye picha ila umekaa pale kama kuni kavu, hauungi, au unaoza. Ndo wakaanza kubadilika: usikifukuzie kila kipande, nyoosha mguu wote uwe na urefu na mwelekeo sahihi, pitisha bamba kwa matundu madogo mbali na mvunjiko, mvunjiko wenyewe uuache na damu yake. Hapo ndipo ilipotoka operesheni ya tundu dogo.

Inaonekana rahisi kwenye video. Ugumu wake ni kwamba daktari hauoni mfupa. Anafanya kazi gizani, anategemea picha za eksirei wakati kazi inaendelea, na ramani iliyo kichwani: mshipa wa fahamu unapita wapi, mshipa mkubwa wa damu uko wapi, skrubu ikitoka upande wa pili itagusa nini. Akikosea kidogo mzunguko wa mguu, mnyama anapona huku kwato inaangalia pembeni maisha yake yote. Ndiyo maana huwezi kujifunza kwa kusoma. Wanaanza na mifupa ya plastiki, wanakwenda kwenye miguu ya wanyama waliokufa, wanakaa pembeni ya bingwa kama msaidizi, halafu wanashika wenyewe huku bingwa anaangalia.

Niwape mfano wa kitu kidogo ambacho kinamaliza kazi nzima. Kekee. Mwaka juzi mimi na daktari mmoja rafiki yangu aliyesoma SUA tulikaa Jumamosi moja na makongoro kumi tuliyonunua machinjioni. Alitaka kukumbushia mkono wake jinsi ya kupitisha pini, mimi nilitaka kujifunza kufunga hogo. Nikashika kekee ya umeme ya fundi seremala nikabonyeza kwa nguvu zote. Moshi ukatoka! Akanizuia. Mfupa ulio hai ukifika joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, seli zake zinaanza kufa. Zikifa pembeni ya pini, pini inalegea baada ya wiki mbili tatu, usaha unaingia, umekwisha. Kwa hiyo ncha iwe kali, mwendo wa taratibu, na mtu amwagie maji ya chumvi safi muda wote. Nani angekwambia hilo kama hujakaa na anayejua? (Makongoro tuliyatengeneza supu jioni. Yale yasiyo na matundu.)

Sasa jibu la yule binti. Je, inawezekana kwetu?

Kwa ng'ombe wa kilo 300 mwenye mfupa wa paja uliovunjika, hapa Singida, jibu langu leo ni hapana. Sisemi kwa kudharau madaktari wetu. SUA Morogoro wanafundisha upasuaji, digrii ya udaktari wa mifugo ni miaka mitano, na wana hospitali ya wanyama. Lakini kutoka hapa mpaka Morogoro ni karibu kilomita 500. Ng'ombe mwenye paja lililovunjika kwenye fuso, anarushwa na matuta kutoka Singida mpaka Dodoma, anafika mvunjiko uliokuwa wa kawaida umeshakuwa unga. Na hata huko duniani wenye kila mashine, bamba lililotengenezwa kwa ajili ya mbwa wa kilo 30 halibebi ng'ombe. Ng'ombe hawezi kuambiwa "pumzika wiki sita, tumia magongo". Dakika anapoamka usingizini anasimama na kuukanyaga.

Ila kuna mtu alishatatua nusu ya tatizo hili upande wa binadamu, na madaktari wetu wa mifugo wangefaa kumwangalia. Daktari mmoja wa Marekani, Lewis Zirkle, mwaka 1999 alianzisha shirika linaloitwa SIGN. Walitengeneza chuma kirefu kinachoingia ndani ya uboho wa mfupa mrefu, na kifaa cha nje chenye matundu kinachokuonyesha skrubu ipite wapi, ili daktari asihitaji eksirei ya kuangalia moja kwa moja wakati wa operesheni. Mashine hiyo ndiyo ghali. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wametumia vyuma hivi kwa miaka mingi kwa majeruhi, na mnajua wenyewe bodaboda zinavyowaletea wagonjwa. Kinachonivutia mimi ni utaratibu wake: vyuma vinakuja pamoja na mafunzo, na kila mgonjwa anayefanyiwa anarekodiwa na picha zake zinapelekwa kwenye kanzi yao, wenzao wenye uzoefu wanaangalia na kusema hapa umekosea, hapa sawa. Daktari anaendelea kufundishwa akiwa kazini kwake. Hatumpeleki Ulaya wiki mbili arudi na cheti halafu asiguse kekee tena miaka mitatu kwa kukosa vifaa. Kwa wanyama bado sijaona mpango wa namna hiyo ukifika wilayani, na naamini siku ukija, utakuja kwa sababu wafugaji wenye ng'ombe wa bei wameudai.

Katikati ya hogo na bamba kuna njia moja ambayo naiona inatufaa zaidi. Daktari anapitisha pini mbili au tatu za chuma kwenye mfupa juu ya mvunjiko, kwa vitundu tu, hafungui kitu, halafu anazizungushia hogo kwa nje. Uzito wa mnyama unapita kwenye pini, unaingia kwenye hogo, unashuka mpaka chini, mvunjiko unakuwa kama umening'inia haubebi chochote. Inafaa kwa mfupa wa juu ya kisigino cha nyuma, ambao hogo peke yake linahangaika nao. Wazo la kushika mfupa kwa vyuma kutoka nje ni la zamani. Huko Urusi, daktari Ilizarov wa mji wa Kurgan alilikuza miaka ya 1950 kwa pete za chuma na waya nyembamba, na inasimuliwa kwamba mwanzoni alitumia spoki za baiskeli. Msije mkajaribu nyumbani tafadhali. Nawajua.

Lakini habari njema ni kwamba mivunjiko mingi tunayoiona kwa ng'ombe wetu ni ya mfupa wa muundi, ule wa kati ya goti la mbele na kifundo, au wa nyuma kati ya kisigino na kifundo. Huo hauna nyama nyingi, unashikika, na hogo linauweza. Na ukifikiria vizuri, hogo ndilo lenye tundu dogo kuliko yote. Halina tundu hata moja! Hujagusa donge la damu, hujachubua utando. Ng'ombe pia ni mwepesi wa kujenga mfupa na anapenda kulala, tofauti na farasi ambaye anasimama siku nzima. Ndama anaunga kwa wiki nne mpaka sita. Mkubwa miezi miwili mpaka mitatu.

Hapo sasa nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi niliitwa kwa ndama aliyevunjika mguu wa mbele wakati wa kuzaliwa. Wanaume wanne walimvuta kwa kamba iliyofungwa katikati ya muundi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya ndama kuvunjika: kamba ifungwe juu ya kifundo, kitanzi kingine chini yake, na wavute watu wawili tu, taratibu, mama anaposukuma. Mimi nikachukua vibanzi vya mti, nikaweka pamba, nikafunga vizuri kabisa kwa macho. Tatizo ni kwamba vibanzi vyangu viliishia juu kidogo tu ya mvunjiko. Mguu wa chini ukawa mzito kwa vile vibanzi, ncha ya juu ikawa nyenzo. Ndama kila akipiga hatua, vibanzi vinaukunja mfupa palepale pabaya. Siku ya pili ncha ya mfupa ikatoboa ngozi. Siku ya tano harufu. Yule mzee mwenye ndama hakunigombeza, alisema tu "ndo kazi ya Mungu", na hilo liliniuma zaidi kwa sababu nilijua si kazi ya Mungu, ni vibanzi vyangu vifupi.

Kwa hiyo kanuni, na hii ndiyo naomba mshike hata kama mengine mtayasahau: kibanzi au hogo lizuie kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kiungo kilicho chini yake. Kama huwezi kukifikia kiungo cha juu, usifunge kabisa. Ndiyo maana paja na mkono wa juu wa mbele huwa hatufungi. Huwezi kuzuia nyonga wala bega, utaongeza uzito tu chini ya mvunjiko.

Turudi kwa mtamba. Nilifika saa tano hivi. Amelala, anacheua, dalili nzuri. Mguu wa nyuma kushoto, katikati ya muundi, umepinda. Nikaosha ngozi taratibu nikaimulika yote na tochi: hakuna kidonda, hakuna tone la damu. Hiyo ilikuwa nusu ya uamuzi. Mvunjiko ambao ngozi haijapasuka una nafasi kubwa. Ukiona hata tundu dogo linalotoa damu yenye vitone vya mafuta, ujue mfupa ulitoka nje ukarudi na umerudi na kinyesi cha zizini. Hapo gharama na hatari vinapanda mara kadhaa, na kwa ng'ombe wa kawaida mara nyingi nashauri achinjwe.

Nikamwambia kaka yake alete bomba la plastiki la maji. Bomba la inchi nne likipasuliwa kwa urefu kwa msumeno linatoa vibanzi viwili vizuri kuliko mti wowote. Tukazungushia pamba nyingi, tukakata blanketi kuukuu vipande, tabaka juu ya tabaka mpaka mguu ukawa mnene mara mbili, tukakaza kwa bandeji. Halafu kibanzi kimoja kwa nyuma, kingine ubavuni, vyote kuanzia kwatoni mpaka kupita kile kiungo kinachochongoka kama kisigino. Tukafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani usitumie moja kwa moja kwenye ngozi. Mguu unavimba usiku, kamba haivimbi, asubuhi unakuta kwato ya baridi. Nimeona miguu mingi imekufa kwa kufungwa na wataalamu wetu wa kienyeji, ambao kusema kweli wengi wana mkono mzuri wa kunyoosha mfupa kuliko mimi, ila wanakaza mno.

Sikumchoma dawa yoyote usiku ule, na nilifanya makusudi. Ukishachoma antibaiotiki au dawa ya maumivu, nyama ile haifai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, na kwa baadhi ya oksitetrasaiklini za muda mrefu ni wiki nne. Kama asubuhi daktari angesema achinjwe, binti angekuwa amepoteza na ile laki sita. Amua kwanza, choma baadaye. Na ukiamua kuchinja, aitwe mkaguzi wa nyama, uchinje mapema, usimburuze.

Asubuhi daktari wa mifugo akaja kutoka mjini. Alimpa dawa kidogo sana ya kumtuliza, na hapa sikilizeni: zailazini kwa ng'ombe ni kama sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Vijana wamewahi kuua ng'ombe kwa kufuata kipimo walichosikia cha punda. Tena kwa mwenye mimba kubwa ni hatari, inaweza kusababisha atupe. Akatoboa vitundu viwili kwenye ukuta wa kwato, sehemu isiyo na maumivu, akapitisha waya, tukavuta mguu taratibu mpaka ukanyooka sawa na wa upande wa pili. Aliulinganisha mara tatu kabla ya kuridhika. Kisha pamba nyembamba, si nyingi kama yangu ya usiku, kwa sababu chini ya hogo pamba nyingi inabonyea na mguu unaanza kucheza ndani. Akafunga hogo la faibaglasi kuanzia chini ya kwato mpaka karibu na goti lenyewe, lile lililo jirani na tumbo. Lile P.O.P. jeupe la hospitali ni la bei nafuu lakini likilowa mkojo linakuwa uji. Kwa ndama unaweza kujaribu P.O.P. ukalikinga. Kwa mkubwa zilikwenda rola 12 za faibaglasi. Ndipo akachoma dawa ya maumivu.

Gharama yote, rola, dawa, usafiri na kazi, ilifika laki tatu na themanini. Binti aliuza magunia ya alizeti kabla ya wakati ili alipe. Mchinjaji alikuwa bado yuko pale getini, akasema "utanikumbuka".

Wiki zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu. Alifungiwa banda dogo kavu lenye matandiko mengi, majani na maji anapelekewa. Kila siku nilimwambia apitishe mkono juu ya hogo kuanzia chini mpaka juu: akihisi mahali pana joto kuliko pengine, akinusa harufu, akiona uvimbe juu ya ukingo wa hogo, au mtamba aliyekuwa anaukanyaga akaacha ghafla, anipigie hata usiku wa manane. Wiki ya tatu alinipigia. Joto karibu na kisigino. Daktari akaja, akakata hogo, kweli palikuwa na kidonda kama sarafu ya shilingi mia mbili. Tukasafisha, tukafunga jipya, gharama nyingine. Tungechelewa wiki, kidonda kingefika kwenye kiungo. Kwa ndama anayekua, hogo libadilishwe kila baada ya wiki tatu hivi hata kama hakuna tatizo, maana mguu unakua na hogo halikui. Angalieni pia mguu wa pili, ule mzima. Ukibeba mzigo muda mrefu, kano zinalegea na kifundo kinaanza kushuka.

Wiki ya kumi hogo lilitolewa. Kuna fundo kwenye muundi ambalo halitaondoka, na akitembea kwa haraka anachechemea kidogo. Alizaa mwezi uliopita, ndama jike. Binti ananiambia anapata lita saba kwa siku sasa hivi, alitarajia kumi. Mkopo anaendelea kuulipa.

Wiki hiyohiyo aliyotolewa hogo, jirani upande wa Mtipa maksai wake alivunjika paja kwenye jembe. Nilienda, nikapapasa, nikasikia mifupa inasagana ndani ya nyama nene. Kaniuliza "daktari, na huyu tumfunge?" Nikamwambia hapana, aite mkaguzi. Tulimaliza siku hiyohiyo. Angekuwa punda ingekuwa shida nyingine, maana punda wa kubeba maji huwezi kumpeleka buchani. Punda mwenye mguu wa chini uliovunjika anavumilia hogo vizuri na ni mwepesi kuliko ng'ombe, kwa hiyo msikimbilie kumwacha porini afe kama wengi wanavyofanya. Mwenye mguu wa juu, daktari amlaze kwa dawa.

Kitu kimoja nimekubaliana na kikundi cha vijana wa maziwa hapa kwetu, na nyie wa kata nyingine mnaweza kuiga. Tumechangishana, tumenunua rola 15 za faibaglasi, pamba, bandeji na mabomba mawili yaliyoshapasuliwa, viko kwenye sanduku kwa katibu. Atakayetumia anarudishia ndani ya miezi miwili. Angalieni tarehe ya mwisho ya rola, zikikaa sana zinagandia ndani ya mfuko. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tutafanya mazoezi ya kufunga vibanzi kwenye ofisi ya kata, na daktari amekubali kuja. Kila mtu aje na kongoro moja la nyuma lenye ngozi yake, lisichomwe manyoya.